Mashine ya kusikiliza vitabu kwa mzee asiyeona na mwenye ganzi ya vidole: tuchague ipi?

Binti wa Korogwe anauliza:

Assalaam alaykum na habari za kazi, ndugu zangu wote. Naomba ushauri wa watu wanaozijua mashine hizi kwa kuzitumia, kwa sababu maneno ya wauzaji yamekwisha kutupotosha mara moja.

Baba yangu ana umri wa miaka 67. Alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, na sasa ni mwaka wa pili tangu kisukari kiharibu retina za macho yake yote mawili, hata kilichobaki ni kutambua tu dirisha liko upande gani wakati wa mchana. Kisukari hicho hicho kimemwachia ganzi katika ncha za vidole. Mwalimu mmoja jirani yetu alijitolea kumfundisha maandishi ya nukta nundu, na baba alijitahidi kwa miezi 4, lakini nukta zile hazimfikii. Anasema ni kama kupapasa karatasi tupu.

Anachokitaka ni kusikiliza. Wanafunzi wake wa zamani wamejipanga kwa mapenzi makubwa, wanamsomea riwaya na tamthiliya za Kiswahili na kunitumia sauti hizo kwa WhatsApp. Anataka pia Kurani pamoja na tafsiri yake, na redio, hasa TBC Taifa na Idhaa ya Kiswahili ya DW, ambazo hakuwahi kuziacha hata alipokuwa kazini. Zaidi ya hayo angependa kurekodi mashairi yake mwenyewe, kwa kuwa mengine yamo kichwani tu na anaogopa yasije yakapotea.

Katika familia tumegawanyika. Kaka yangu aliyeko Muscat yuko tayari kununua mashine maalumu ya wasioona. Mume wangu anaona redio ndogo ya kuingiza memori kadi inatosha. Mdogo wangu anashikilia simu janja. Mwaka jana tulinunua kichezeshi kimoja cha kioo cha kugusa, ambacho muuzaji alituapia kwamba hata mtu asiyeona atakimudu, na kimekaa kabatini tangu wiki ya tatu.

Jambo linaloniumiza ni dogo likitajwa, ila ni kubwa nyumbani. Baba akipitiwa na usingizi kidogo na kutaka kurudi nyuma dakika mbili tu za hadithi, humwita mjukuu. Mjukuu akiwa shuleni, baba huzima na kukaa kimya mpaka saa tisa alasiri.

---

Msikilizaji wa Kisauni anajibu:

Wa alaykum salaam, dadangu, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi sijaona tangu utotoni, na kwa miaka 11 nimekuwa nikitumia mashine za aina anayotaka kununua kaka yako, kwa hiyo niruhusu nieleze zinavyofanya kazi kabla sijasema kama zinamfaa mzee.

Mashine hizi zimejengwa juu ya mfumo uitwao DAISY, ambao muungano wake uliundwa mwaka 1996 na maktaba za wasioona za nchi kadhaa zilizokuwa zimechoka na kaseti. Kaseti ilimlazimisha msikilizaji kwenda mbele au kurudi nyuma kwa kubahatisha. Kitabu cha DAISY kina sauti pamoja na ramani yake: sehemu, sura, vifungu, kurasa, hata sentensi, na msikilizaji huruka kutoka kimoja hadi kingine kama wewe unavyofunua kurasa. Katika Victor Reader Stream, inayotengenezwa na HumanWare ya Kanada, unabonyeza 2 au 8 kuchagua unataka kuruka kwa ngazi gani, kisha 4 kurudi nyuma na 6 kwenda mbele, na ukibonyeza 5 inakwambia uko wapi. Ya kwanza ilitoka mwaka 2007, na toleo la tatu lilitoka mwaka 2023. Wajapani wa Shinano Kenshi nao wana ukoo wa Plextalk, na ile ndogo ya mfukoni inarekodi pia.

Faida ambayo mtu anayeona haioni upesi ni kumbukumbu. Nikiwa na vitabu 40 ndani ya kadi, kila kimoja kinakumbuka neno nililoachia, hata nikikirudia baada ya miezi 6. Tena ninaweza kuongeza kasi ya msomaji bila sauti yake kuwa nyembamba kama ya mtoto, na kuiagiza mashine ijizime baada ya robo saa ninapolala. Tatizo la mzee la kupitiwa na usingizi lina dawa yake hapo.

Sasa upande wa pili. Bei ya mashine hizi ni mamia ya dola. Marekani, Maktaba ya Taifa ya wasioona humwazima msomaji mashine bila malipo. Sisi huku kila familia inatoa mfukoni mwake, kwa hiyo kosa la kuchagua vibaya linauma zaidi. Pili, mashine zote nilizowahi kuzishika husema Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya. Kitabu kilichosomwa na mtu kitasikika sawasawa, lakini jina la faili la Kiswahili linapotamkwa na sauti ya Kiingereza hugeuka kitu ambacho mwalimu wa Kiswahili hatakivumilia. Tatu, vitabu vya Kiswahili vilivyoandaliwa kwa DAISY ni vichache mno, na mzee atakuwa anasikiliza MP3 za wanafunzi wake, ambazo hazina ramani ile niliyoisifu.

Kwa hiyo nasema hivi: mashine hiyo ni nzuri, nami sitaiacha yangu, lakini kaka asilipe mpaka vidole vya mzee vimeigusa, kwa sababu vitufe vyake ni vidogo na vimekaribiana. Akiamua kuituma, aulizie mapema forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vya watu wenye ulemavu, na barua ya daktari iwe tayari kabla mzigo haujafika bandarini au uwanja wa ndege.

---

Mwalimu wa Elimu Maalumu, Tabora, anajibu:

Binti yangu, nakupa pole, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kununua tena.

Ninakubaliana na ndugu wa Kisauni kuhusu vidole, na ningependa kuanzia hapo. Watu wengi huchagua chombo kwa kusoma orodha ya kinachoweza kufanya. Kwa mtu aliyepoteza kuona ukubwani, na hasa kwa mwenye ganzi, anza na mkono: mwekee chombo mkononi kikiwa kimezimwa, mwache akizungushe kwa dakika kumi, kisha mwombe akuonyeshe juu, chini, na kitufe cha katikati. Asipoweza kukuonyesha kikiwa kimezimwa, hatakiweza kikiwa kimewashwa. Ncha za vidole zikiwa zimekufa ganzi, kiungo cha kidole gumba na upande wa kidole cha shahada mara nyingi bado vinahisi kingo na pembe. Vitufe vilivyo kwenye kona au ukingoni mwa chombo atavipata. Vilivyo katikati ya uso laini vitampotea.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandalia wazee redio ndogo za kuingiza memori kadi, zile zenye vitufe vya namba kuanzia 0 hadi 9. Usichukue ile yenye vitufe vitatu tu, kwa sababu humo kitufe kimoja hubeba kazi mbili: ukikigusa unaruka faili, ukikishikilia unaongeza sauti, na mkono wenye ganzi hauwezi kutofautisha kugusa na kushikilia. Tafuta yenye namba, na sauti iongezwe kwa gurudumu la kuzungusha. Katika redio hizo msikilizaji akibonyeza 4 kisha 5, faili ya 45 inaanza kusoma. Huo ndio ufunguo wa mambo yote. Mzee aliyeshika mtaala wa sekondari kichwani kwa miaka 30 hatashindwa kukumbuka kwamba riwaya fulani inaanzia 201 na Sura Yasini iko 36.

Angalia pia betri. Nyingi hutumia BL-5C, ile ya simu za kitochi za Nokia, inayopatikana hata katika maduka ya vijijini. Nunua mbili, moja iwe kwenye chaji.

Nukta iliyopo juu ya kitufe cha 5 haitamsaidia baba yako, kwa sababu ni ndogo. Kata kipande cha mpira wa ndala chenye ukubwa wa nusu ya punje ya hindi, kibandike kwa gundi juu ya 5, na kipande kirefu zaidi ukibandike kwenye kitufe cha kucheza na kusimamisha. Usibandike zaidi ya hapo. Nimewahi kuona redio iliyojaa vibandiko kila mahali, na mwenyewe hakuweza tena kujua kipi ni kipi.

Redio hizi hazikumbuki vizuri mtu alipoishia. Nyingine hurudi mwanzo wa faili, nyingine zikihamishiwa kwenye stesheni na kurudishwa husahau kabisa. Kwa hiyo mimi hukata kila kitabu katika vipande vya dakika 5. Riwaya ya saa 8 inakuwa vipande 96. Akipitiwa na usingizi, hawezi kupoteza zaidi ya dakika 5, na kurudi nyuma ni kubonyeza kitufe kimoja. Mwanzoni mwa kila kipande weka sauti ya mtu ikisema namba yake kwa ufupi: «mia moja na kumi na mbili.» Mwanzoni mwa kila kitabu weka kipande kinachotaja jina la kitabu na namba kinapoishia. Kwa njia hiyo chombo kisichosema kitu kinakuwa kinasema, na kinasema Kiswahili.

Jambo la mwisho ni la kadi yenyewe, nalo huwatesa wengi. Tumia kadi ya GB 32 au chini yake, kwa sababu zile kubwa zaidi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo ambao redio nyingi za bei nafuu haziusomi. GB 32 hazitakupungukia: sauti ya kusoma ikihifadhiwa kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja huchukua takriban MB 29, yaani kadi hiyo inabeba zaidi ya saa 1,000. Tena redio nyingi hazifuati herufi wala namba za majina. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliingizwa kwenye kadi. Ukiburuta folda nzima kwa pamoja, kompyuta inaweza kuzichanganya. Zipe namba zenye tarakimu tatu, 001, 002, 003, kisha ziingize kwa mfuatano, na usikilize mwenyewe chache za mwanzo, za katikati na za mwisho kabla ya kumkabidhi.

---

Mwanachuo wa Dodoma anajibu:

Shikamoo mwalimu, na pole dada. Mimi nina uoni hafifu na ninasoma chuoni kwa kutumia simu, hivyo ningependa kumtetea mdogo wako kidogo, ingawa si kwa hoja ambayo huenda yeye anaitoa.

Simu ya Android ina kisomaji skrini kiitwacho TalkBack, na ina sauti ya Kiswahili inayosoma majina ya faili na ujumbe kwa matamshi yanayokubalika. Kwa lugha yetu, simu imeipita mashine ya mamia ya dola. Lakini TalkBack huongozwa kwa kuteleza na kugonga kioo, na mtu ambaye kidole chake hakimwambii kama kimegusa au hakijagusa atachoka mapema. Sipendekezi kioo kiwe chombo cha kwanza cha baba. Napendekeza simu iwe jikoni, na redio ya mwalimu iwe sahani: wewe unapokea sauti kwenye simu, unazitayarisha, kisha unazihamishia kwenye kadi.

Hapa kuna mtego. Sauti zinazorekodiwa ndani ya WhatsApp huhifadhiwa kwa aina iitwayo Opus, na redio hizo kwa kawaida husoma MP3 tu. Ukizinakili hivyo zilivyo, kadi itakuwa imejaa na redio itakaa kimya, na utadhani kadi ni mbovu. Zigeuze kuwa MP3 kwa programu ya kompyuta kama Audacity, ambayo ni ya bure na ndiyo hiyo hiyo itakayokusaidia kukata vile vipande vya dakika 5.

Kuna njia nyingine kati ya redio na mashine maalumu, nayo ni Rockbox, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2001, ambayo huwekwa ndani ya vichezeshi vya kawaida vya zamani, kama baadhi ya iPod na SanDisk Sansa Clip+, ili menyu zake zisemwe kwa sauti. Inakumbuka ulipoishia, inasoma Opus, na majina ya folda yanaweza kutengenezewa sauti kwa eSpeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo ina Kiswahili. Nimeitumia kwa mapenzi. Hata hivyo Clip+ haitengenezwi tena na ni ndogo kama kiberiti, kwa hiyo naitaja kwa ajili ya wasomaji wengine wenye vidole vizima, si kwa ajili ya mzee.

Usiache jambo la chaji. Tundu la zamani la USB lina juu na chini, na mtu asiyeona akilazimisha waya kinyume huharibu tundu. Chagua chombo chenye USB-C, ambayo huingia upande wowote. Ukikosa, maduka ya vifaa vya simu huuza waya wenye ncha ya sumaku: ncha inabaki ndani ya tundu, na waya unajishika wenyewe ukisogezwa karibu.

---

Msikilizaji wa Kisauni anaongeza:

Ninaondoa pingamizi nililokuwa nalo moyoni juu ya redio za kadi, kwa sababu ya vile vipande vya dakika 5; sikuwahi kuvifikiria. Nabaki na moja: mashairi. Redio nyingi hazirekodi, na zinazorekodi hufanya hivyo kwa sauti dhaifu na kwa hatua nyingi. Mzee apewe kinasa sauti tofauti chenye swichi ya kusukuma, ambayo ikisukumwa juu inarekodi na ikishushwa inasimama, ili mkono ujue bila kuuliza sikio.

Na msiwe na hofu juu ya wanafunzi kumsomea riwaya. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu kama sisi, ili vitabu viweze kutengenezwa katika umbo tunaloweza kulisoma. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Sauti hizo zibaki kwa mzee na wenzake wasioona, zisisambazwe ovyo katika makundi, maana waandishi wetu nao wanahitaji kula.

---

Binti wa Korogwe anarudi baada ya wiki sita:

Nawashukuru sana, nyote. Nimeona ni haki mjue yaliyotokea.

Tulikwenda Tanga mjini pamoja na baba, jambo ambalo hatukulifanya mara ya kwanza. Alishika redio 5, zote zikiwa zimezimwa. Nne alizirudisha. Ya tano ina vitufe vya namba vilivyoinuka, gurudumu la sauti ubavuni, na betri ya BL-5C. Ndala zangu za zamani zimekatwa kama mwalimu alivyoelekeza. Kipande cha kwanza kilikuwa kikubwa mno na kilimfanya abonyeze 5 na 6 kwa pamoja, tukakipunguza mara mbili.

Kazi ya kadi ilinichukua siku 9, na siku mbili kati ya hizo niliamini kadi ni mbovu, mpaka nilipokumbuka maneno ya mwanachuo kuhusu Opus. Sasa kuna riwaya 3, tamthiliya 2 na juzuu 30. Kurani ameipangia namba mwenyewe. Alitaka sura 114 zikae kwenye faili 001 hadi 114, ili namba ya sura iwe ndiyo namba ya kubonyeza, na vitabu vianzie 201. Kwa hiyo nilizifuta zote nikaanza upya, na alikuwa sahihi. Sura ndefu hatukuzikata, kwa sababu anazijua na hujua alipo.

Kaka wa Muscat ameahirisha. Atakapokuja likizo atakuja na mashine ya rafiki yake, baba aijaribu mkononi, na hapo ndipo wataamua. Pesa aliyoitenga imenunua kinasa sauti cha swichi.

Jumatano iliyopita niliporudi kutoka shambani, mjukuu alikuwa bado shuleni na redio ilikuwa inasoma. Nilisimama mlangoni. Baba alisimamisha, akabonyeza namba tatu polepole, akasikiliza, akatikisa kichwa, akarudi kipande kimoja nyuma, akaendelea. Hakujua kwamba nipo.

Ana ombi moja kwa mwalimu wa Tabora. Sauti yangu inayotaja namba anasema inakimbia, na mahali fulani nimesema «mia mbili ishirini» bila «na». Anataka kuzirekodi upya zote kwa sauti yake mwenyewe kwa kutumia kinasa. Je, nikishakata sauti zake nitazibandikaje mwanzoni mwa vipande vilivyomo tayari kwenye kadi bila kuvuruga mfuatano wake, au itanilazimu nifute na kuingiza upya kuanzia 201?

---

Mwalimu wa Elimu Maalumu, Tabora, anajibu:

Itakulazimu kufuta na kuingiza upya, binti yangu, kwa sababu faili iliyobadilishwa ikirudishwa kwenye kadi inaweza kuhesabiwa mwishoni. Fanya kazi yote ndani ya kompyuta, hifadhi nakala ya pili ya folda hiyo kwenye flashi, kisha safisha kadi na uingize kuanzia 001. Mwambie mzee arekodi namba zote kwa mkao mmoja, akiwa mbali na kinasa kwa urefu wa kiganja, na aache kimya cha sekunde mbili baada ya kila namba ili upate mahali pa kukata.